Pointi, Viti na Kipenga: Watani Hubishania Nini Hasa?

Tarehe 17 Juni 2020, kwenye uwanja wa Villa Park ambao siku hiyo haukuwa na shabiki hata mmoja kwa sababu ya janga la korona, Oliver Norwood wa Sheffield United alipiga mpira wa adhabu kuelekea lango la Aston Villa. Kipa Ørjan Nyland aliudaka, akagongana na mwenzake, akarudi nyuma akiwa ameukumbatia mpaka yeye na mpira wakavuka mstari wa goli. Aliyekuwa anatazama kwenye televisheni aliona bao. Refa Michael Oliver aliitazama saa yake ya mkononi, ambayo hutetemeka mpira wote unapovuka mstari, akaikuta kimya, na mchezo ukaendelea hadi ukaisha 0-0. Baadaye kampuni ya Hawk-Eye, ambayo ndiyo yenye mitambo hiyo, iliomba radhi na kueleza kwamba kamera saba zilizolielekea goli lile zilikuwa zimezibwa na kipa, beki na nguzo ya goli.

Msimu ulipokwisha, Aston Villa walikuwa na pointi 35 na Bournemouth pointi 34. Villa walibaki, Bournemouth wakashuka daraja. Atakayekaa na karatasi na kalamu ataona kwamba kama bao lile lingekubaliwa na mengine yote yakabaki kama yalivyokuwa, Villa wangekuwa na pointi 34 na tofauti ya mabao ya hasi 27, ilhali Bournemouth wangekuwa na pointi hizo hizo 34 na tofauti ya hasi 25, na kwa hiyo wangepona. Walionyimwa bao ni Sheffield United, lakini walioumia ni watu wa mji mwingine kabisa, ambao timu yao siku ile haikuwa hata uwanjani.

Nimeanza na mkasa huu kwa sababu ndani yake yamo mambo matatu ambayo mashabiki hurushiana nayo vijembe kila wiki: nani amepanda na nani ameshuka, nani anajaza uwanja, na nani anabebwa na refa. Kwa kawaida huchukuliwa kama magomvi matatu tofauti. Mimi naona ni ugomvi mmoja unaobadilisha nguo, kwa kuwa swali linaloulizwa ni lile lile kila mara, yaani nani anastahili kuwa pale alipo. Msimamo wa ligi haujibu swali hilo. Unajumlisha pointi tu. Shabiki asiporidhika na jumla hiyo hukimbilia idadi ya watu wake, akisema klabu yenye mashabiki wengi namna hii haistahili kuwa huko iliko, na idadi nayo isipomtosheleza humgeukia refa. Tatizo ni kwamba kila mojawapo ya hoja hizo ina hesabu yake na kanuni zake, na ubishi mwingi huzaliwa pale mtu anapochukua tarakimu iliyotengenezwa kwa kazi moja akaifanyisha kazi nyingine.

Tuanze na kupanda daraja, jambo linaloonekana kuwa hesabu tupu. Hesabu hiyo iliwekwa na watu, na imefumuliwa na kusukwa upya mara nyingi, aghalabu baada ya fedheha. Ligi ya Uingereza ilianza mwaka 1888 ikiwa na klabu 12, daraja la pili likaongezwa mwaka 1892, na kwa miaka michache ya mwanzo hapakuwa na timu iliyopanda moja kwa moja. Timu za mkiani mwa daraja la kwanza zilipambana na za kileleni mwa daraja la pili katika mechi za majaribio. Mwaka 1898 mechi hizo zilichezwa kwa mtindo wa kundi la timu nne, na Stoke na Burnley wakafika kwenye mchezo wa mwisho wakijua kwamba sare ingewafaa wote wawili. Wakatoka 0-0, katika mechi ambayo inasimuliwa kwamba mashabiki wenyewe, kwa kuchoshwa na mchezo usio na shuti, walianza kuung'ang'ania mpira kila ulipoangukia jukwaani. Newcastle na Blackburn, ambao ndio walioumizwa na sare ile, waliishia kupewa nafasi kwa kuongeza idadi ya timu za daraja la kwanza hadi 18, na mechi za majaribio zikafutwa. Mfumo wa kupanda na kushuka moja kwa moja, ambao leo tunauona kama sheria ya maumbile, ni kiraka kilichoshonwa kufunika aibu ile.

Kiraka hicho nacho kilichanika. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, ligi iliamua mwaka 1919 kupanua daraja la kwanza kutoka timu 20 hadi 22. Katika msimu wa mwisho kabla ya kusimama, ule wa 1914/15, Tottenham walikuwa wameshika mkia wa daraja la kwanza na Chelsea walikuwa mbele yao kwa nafasi moja. Chelsea walirudishiwa nafasi yao bila shida, lakini nafasi nyingine ilipigiwa kura na viongozi wa klabu, na Arsenal, ambao hawakuwa hata miongoni mwa timu nne za juu za daraja la pili, wakapata kura 18 dhidi ya 8 za Tottenham. Minong'ono kuhusu namna Henry Norris, bosi wa Arsenal wakati huo, alivyozipata kura hizo haijawahi kuthibitishwa. Tottenham walishinda daraja la pili mara moja wakarejea mwaka uliofuata, na Arsenal hawajashuka tangu siku ile. Zaidi ya miaka mia imepita, na shabiki wa Tottenham aliyezaliwa juzi bado atakukumbusha kwamba majirani zake hawakupanda, walipandishwa. Hapo utaona kwamba kinachobishaniwa ni mlango walioingilia, wala si idadi ya miaka waliyokaa ndani.

Mfumo uliozoeleka, wa timu mbili za juu kupanda moja kwa moja na ya tatu hadi ya sita kuwania nafasi iliyobaki, ulitokana na mechi za mchujo zilizoanza Uingereza mwishoni mwa msimu wa 1986/87. Uzuri wake ni kwamba ligi inabaki na uhai hadi wiki ya mwisho, maana timu ya nane au ya tisa bado ina ndoto. Ubaya wake ni kwamba miezi tisa ya kazi inaweza kufutwa na mchana mmoja. Katika msimu wa 2023/24 Leeds walimaliza wa tatu kwa pointi 90 wakafungwa fainali na Southampton waliokuwa na 87. Mwaka uliofuata Sheffield United walimaliza na pointi 90, licha ya kukatwa pointi mbili, wakafungwa fainali na Sunderland waliokuwa na pointi 76. Pengo la pointi 14 ni kama ushindi katika mechi nne na sare mbili, na lilifutika ndani ya dakika tisini na chache. Shabiki wa timu ya tatu husema ameporwa. Wa timu ya nne hujibu kwamba kanuni zilijulikana tangu Agosti na kila mtu alizikubali. Wote wawili wanasema kweli. Mmoja anapima ubora wa msimu mzima, na mwingine anapima utii wa masharti ya mashindano.

Kuna hali ya tatu ambayo husahaulika, nayo ni ya timu inayotwaa ubingwa lakini haipandi. Kati ya mwaka 1994 na 1996 mabingwa watatu mfululizo wa ligi ya tano ya Uingereza, yaani Kidderminster, Macclesfield na Stevenage, walizuiwa kuingia ligi ya nne kwa sababu viwanja vyao havikukidhi masharti. Stevenage walikwenda mahakamani wakashindwa, na Torquay, waliokuwa wameshika mkia wa ligi ya nne mwaka huo, wakanusurika. Hapa uwanja uliamua hatima ya timu bila mpira kuguswa, na hoja ya mashabiki kwamba pointi ndizo zinazosema ilikutana na karatasi ya mkaguzi wa majukwaa na vyoo.

Lakini ukitaka kuona mambo yote matatu yakifungwa fundo moja, tazama mwisho wa msimu wa 1976/77. Coventry, Bristol City na Sunderland walikuwa wakipigania kutoshuka daraja, na tarehe 19 Mei 1977 Coventry waliwakaribisha Bristol City huku Sunderland wakiwa wageni wa Everton. Mechi ya Coventry ilichelewa kuanza kwa kuwa mashabiki walifurika na wengi walikuwa bado nje ya mageti. Matokeo yake, mechi ya Everton iliisha mapema, Sunderland wakiwa wamefungwa 2-0, wakati ya Coventry ingali na dakika kadhaa na ubao ukisoma 2-2. Jimmy Hill, kiongozi wa Coventry, akaagiza matokeo ya Everton yaandikwe kwenye ubao wa uwanja. Wachezaji wa pande zote mbili waliyasoma na kuelewa kwamba sare inawaokoa wote, na kuanzia hapo mpira ukawa unapigwa pasi za kurudi nyuma bila mtu kumkaba mwenzake. Coventry na Bristol City walimaliza na pointi 35 kila mmoja, Sunderland 34. Hapakuwa na kanuni iliyovunjwa ambayo ingeweza kubadili matokeo. Jambo la kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka, ni kwamba Hill huyo huyo alikuwa mtetezi mkubwa wa kutoa pointi tatu kwa ushindi badala ya mbili, mabadiliko yaliyopitishwa Uingereza mwaka 1981 kwa lengo la kuwafanya watu wasiridhike na sare.

Miaka mitano baada ya mechi ile ya Coventry dunia nzima iliona mchezo wa aina ile ile pale Gijón, Ujerumani Magharibi ilipoifunga Austria 1-0 kwenye Kombe la Dunia la 1982 na timu zote mbili kupita, huku Algeria, iliyokuwa imewafunga Wajerumani 2-1 na kumaliza mechi zake siku iliyotangulia, ikitolewa. Kuanzia Kombe la 1986 mechi za mwisho za kila kundi zimekuwa zikianza kwa wakati mmoja. Sunderland hawakupata hata hilo la kujivunia.

Tuje kwenye viti. Mashabiki wanapotajiana idadi ya watu uwanjani, mara nyingi hawajui kwamba tarakimu zinazotangazwa hazihesabiwi kwa namna moja. Klabu nyingi hutangaza tiketi zilizouzwa, ambamo mwenye tiketi ya msimu anahesabiwa hata kama siku hiyo alikuwa kitandani anaumwa. Kikosi cha polisi au mamlaka ya jiji, kwa sababu za usalama, huhitaji idadi ya waliopita mageti, na tarakimu hizo mbili zinaweza kupishana kwa maelfu. Tiketi za bure kwa wanafunzi nazo zinaweza kuingizwa, na mashabiki wageni pia wamo, hivyo klabu iliyo karibu na watani wengi hujaziwa uwanja wake na watu wa wengine. Kwa hiyo mtu anayepiga picha ya viti vitupu na kuiweka kando ya tangazo la watu elfu hamsini hajagundua uongo. Amegundua kwamba tangazo linahesabu mauzo.

Hata pale kila mtu aliponuia kuhesabu watu, hesabu iligoma. Fainali ya Kombe la FA ya tarehe 28 Aprili 1923, ya kwanza kuchezwa Wembley, imeandikwa kuwa na watazamaji 126,047, lakini umati uliruka kuta na kumwagika mpaka kwenye nyasi, na makadirio ya waliokuwamo yanafika 200,000 na zaidi. Mechi iliwezekana tu baada ya polisi waliopanda farasi, akiwamo mmoja juu ya farasi mweupe ambaye bado anatajwa hadi leo, kuwasukuma watu hadi nje ya mistari. Pale Maracanã mwaka 1950, waliolipa kuingia katika mechi ya Brazil na Uruguay walikuwa 173,850, na waliokuwamo wanakadiriwa kukaribia 200,000.

Ndiyo maana kulinganisha vizazi kwa tarakimu ni kazi bure. Shabiki akijigamba kwamba babu yake alikuwa mmoja wa watu 149,415 waliotazama Uskoti na Uingereza pale Hampden Park mwaka 1937, anasema kweli, lakini watu hao walisimama. Baada ya maafa ya Hillsborough ya tarehe 15 Aprili 1989, yaliyoua mashabiki 97 wa Liverpool, ripoti ya Jaji Taylor ilisababisha klabu za madaraja ya juu ya Uingereza kulazimishwa kuweka viti kila mahali, na viwanja vingi vikapoteza sehemu kubwa ya nafasi zake kwa sababu ambayo haihusiani kabisa na mapenzi ya mashabiki. Uwanja wa Dortmund, ambao jukwaa lake la kusini pekee husimamisha watu wapatao 25,000, huchukua watu zaidi ya 81,000 katika mechi za nyumbani za Ujerumani, lakini kwa miaka mingi ulishuka hadi takriban 66,000 katika mechi za Ulaya kwa kuwa kanuni zilitaka kila mtu aketi. Timu ilikuwa ile ile, wiki ile ile, mashabiki wale wale, na tarakimu zilipishana kwa watu elfu kumi na tano.

Watani hupenda pia kubadilisha kipimo katikati ya ubishi. Mwenye uwanja mkubwa hutaja idadi, mwenye uwanja mdogo hutaja asilimia ya viti vilivyojaa. Luton walipopanda Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2023, baada ya kuwatoa Coventry kwa penalti 6-5, walikuja na uwanja wa Kenilworth Road wenye nafasi za watu kati ya 10,000 na 12,000 hivi, ambao mashabiki wageni huingia kwa kupita kwenye upenyo uliokatwa katikati ya nyumba za watu, kisha hupanda ngazi huku wakiona nguo zilizoanikwa nyuma ya nyumba hizo. Walichekwa sana. Lakini miaka tisa tu kabla ya hapo klabu hiyo ilikuwa ligi ya tano, na uwanja ule mdogo haukuizuia kupanda ngazi zote zile. Upande wa pili wako Sunderland, ambao walishuka hadi ligi ya tatu mwaka 2018 wakiwa na uwanja wa watu 49,000. Viti vyake vyekundu vilikuwa vimepauka kwa jua hadi kuwa vya waridi, watani wakavifanya mzaha, na kiangazi kile mashabiki walijitolea kuja na spana kuving'oa na kufunga vipya. Siku moja baada ya Krismasi ya mwaka huo watu 46,039 walikuja kutazama mechi ya ligi ya tatu dhidi ya Bradford, rekodi ya ligi hiyo tangu ilipopewa jina la League One mwaka 2004. Je, idadi hiyo inathibitisha nini? Inathibitisha kwamba klabu ina watu. Haikuwapa pointi hata moja, na ilichukua miaka minne kutoka kule chini.

Hata hivyo si kweli kwamba umati hauna kazi uwanjani, na hapa ndipo viti hukutana na kipenga. Mwaka 2002 Alan Nevill na wenzake walichapisha utafiti ambamo waamuzi 40 wenye vyeti walionyeshwa kwenye video matukio 47 ya kugombea mpira kutoka mechi ya Liverpool na Leicester. Wengine walisikia kelele za uwanja, wengine walitazama kimya. Waliosikia kelele waliiadhibu timu mwenyeji kwa faulo pungufu ya wenzao kwa asilimia 15.5. Uchunguzi mwingine wa ligi ya Hispania ulionyesha kwamba waamuzi waliongeza muda mfupi zaidi pale mwenyeji anapoongoza kwa bao moja kuliko anapokuwa nyuma kwa bao moja. Nchini Ujerumani upendeleo wa namna hiyo ulionekana kupungua kwenye viwanja vyenye njia ya riadha, ambako mashabiki wako mbali na nyasi. Na viwanja vilipofungwa mwaka 2020, tafiti kadhaa za ligi za Ulaya ziliona kwamba tofauti ya kadi kati ya wenyeji na wageni ilififia. Kwa hiyo anayesema kwamba kwao refa huwabeba wenyeji hajakosea kabisa. Anachokosea ni kudhani kuwa refa amenunuliwa, wakati huenda amezomewa tu, na kwamba jambo hilo hutokea kwa watani pekee, wakati kila mwenyeji hufaidika.

Neno "kubebwa" ndilo linalovuruga mjadala kuliko yote, kwa sababu linachanganya makosa ya aina tatu ambayo sheria huyatenganisha kwa ukali. La kwanza ni kosa la macho na uamuzi: refa hakuona mkono, au aliona faulo ambapo hapakuwa na faulo. Sheria ya tano ya mpira inasema uamuzi wa refa kuhusu mambo ya mchezo, ikiwa ni pamoja na kama bao limefungwa au la, ni wa mwisho. Ndiyo maana Bournemouth hawakuwa na pa kwenda na malalamiko yao, hata baada ya kampuni yenyewe kuomba radhi.

La pili ni kuitumia sheria vibaya. Septemba 2005, katika mchujo wa kuwania Kombe la Dunia, Uzbekistan walikuwa wakiongoza 1-0 dhidi ya Bahrain wakapata penalti, wakafunga, lakini mchezaji wao mmoja alikuwa ameingia ndani ya eneo kabla ya mpira kupigwa. Sheria ya wakati huo ilitaka penalti irudiwe. Refa kutoka Japani akawapa Bahrain mpira wa adhabu. Hakukosea kuona, alikosea kujua. Uzbekistan, ambao mechi walishinda vilevile kwa 1-0, walikata rufaa wakitaka wapewe ushindi wa 3-0, na FIFA ikakubali kuwa kosa lilikuwapo, kisha ikafuta mechi yote na kuamuru irudiwe. Marudio yakaisha 1-1, mechi ya pili ikawa 0-0, Bahrain wakapita kwa bao la ugenini. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi zaidi hatari ya kushinda rufaa.

La tatu ni udanganyifu. Novemba 2016, Joseph Lamptey wa Ghana aliwapa Afrika Kusini penalti dhidi ya Senegal kwa madai ya mkono wa Kalidou Koulibaly, wakati mpira ulimgonga goti. Afrika Kusini walishinda 2-1, lakini Lamptey alifungiwa maisha, matokeo yakafutwa, na mechi iliporudiwa mwaka mmoja baadaye Senegal walishinda 2-0 na kujikatia tiketi ya Kombe la Dunia. Brazil mwaka 2005 ilifuta na kurudia mechi 11 zilizochezeshwa na refa Edílson Pereira de Carvalho baada ya kubainika kuwa alishirikiana na wacheza kamari, na Corinthians wakawa mabingwa kwa msimamo uliotokana na marudio hayo. Mashabiki wa Internacional, waliomaliza wa pili, wanalalamikia marudio hayo hadi leo. Shabiki anayepiga kelele za "mnabebwa" kwa sababu ya mpira wa kurusha uliotolewa upande usio wake anatumia neno la kundi hili la tatu kwa tukio la kundi la kwanza, na hapo mazungumzo huwa yamekwisha.

Wengi walitarajia kwamba VAR, yaani waamuzi wasaidizi wa video, iliyoingizwa rasmi kwenye sheria mwaka 2018, ingeyamaliza haya. Ilipewa kazi nne tu: mabao, penalti, kadi nyekundu za moja kwa moja, na mchezaji aliyeadhibiwa kwa kosa la mwingine, tena iingilie pale tu kosa linapokuwa wazi. Maneno hayo "kosa la wazi" ndiyo yaliyohamisha ubishi kutoka nyasini kwenda kwenye chumba cha video, kwa sababu sasa watu hawabishani tu kama ilikuwa faulo, wanabishana kama haikuwa faulo kwa uwazi kiasi gani. Mwezi Septemba 2023 bao halali la Luis Díaz wa Liverpool dhidi ya Tottenham lilikataliwa kwa sababu wakaguzi wa video walidhani refa alikuwa amelikubali, wakamwambia ukaguzi umekamilika, na walipogundua kosa mchezo ulikuwa umeshaanza tena. Nchini Sweden, ambako klabu lazima zimilikiwe kwa sehemu kubwa na wanachama wake, mashabiki walitumia kura zao kwenye mikutano ya klabu, na mpango wa kuleta VAR ukawekwa kando mwaka 2023. Walipendelea kukosewa papo hapo na binadamu wanayemwona.

Ligi ya daraja la pili ya Uingereza haikuwa na VAR katika mechi zake za kawaida za msimu wa 2024/25, lakini fainali ya mchujo pale Wembley, tarehe 24 Mei 2025, ilikuwa nayo. Sheffield United walikuwa wakiongoza Sunderland kwa 1-0 pale Harrison Burrows alipoachia shuti lililotinga wavuni, na wachezaji wakakimbia kushangilia bao la pili. Refa aliitwa kwenye skrini. Vinícius Souza alikuwa amesimama mbele ya kipa Anthony Patterson akiwa ameotea. Hakuugusa mpira, lakini sheria inamwadhibu aliyeotea akimziba mpinzani asione, na bao likafutwa. Katika mechi 46 za ligi zilizotangulia, tukio kama hilo lingeamuliwa na macho ya mshika kibendera, basi. Sunderland walisawazisha kipindi cha pili, na katika dakika za nyongeza Tommy Watson, kijana aliyezaliwa muda mrefu baada ya ule ubao wa Coventry, akafunga la pili. Wapo Sheffield walioanza usiku ule ule kukumbushana pointi 90, na wengine saa ya Michael Oliver. Upande wa Sunderland, ambako mwaka 1977 hurithishwa kama shamba la ukoo, sijapata kumsikia hata mtu mmoja akilalamikia kanuni ya fainali moja, wala kifungu cha kumziba kipa.